Kabla ya Kupanda Basi la Krismasi



Majilio yanapokaribia mwisho, malalamiko ya wanandoa huwa ya namna moja mwaka baada ya mwaka. Mume na mke waliokaa kwa amani tangu Pasaka wanaanza kununiana wiki mbili kabla ya Noeli, na ukichunguza utakuta ugomvi umeanzia mfukoni. Nauli ya kutoka Nairobi kwenda Magharibi au Nyanza imepanda, pengine maradufu. Watoto wanataka nguo mpya. Mama mkwe anatazamia sukari, majani ya chai na leso. Ndugu wamekwisha kukata shauri kwamba mwaka huu mbuzi atatoka kwa “yule wa Nairobi”. Naye yule wa Nairobi hajalipwa mshahara tangu Oktoba.

Bwana unayesoma ukurasa huu, huenda ndiwe. Je, umemwambia mkeo? Wanaume wengi hunyamaza, kisha huenda kando wakakopa kwa simu. Mikopo hii ilianza kuenea nchini mwaka 2012, na mingi hudaiwa baada ya siku 30. Ukikopa tarehe 20 Desemba, deni linaiva tarehe 19 Januari, wakati mtoto anatakiwa awe shuleni na karo mkononi. Mbuzi ameliwa na watu arobaini, lakini deni ni lenu wawili, na mmoja wenu hata hakujua kwamba lipo.

Bwana wetu alituamuru kumpenda jirani kama tunavyojipenda wenyewe. Tunahubiri sana juu ya jirani, tunasahau ile nusu ya pili. Jirani yako akiachishwa kazi utampa pole, utamwambia ametenda awezavyo, na wala hutamdai mbuzi. Mbona wewe hujipi hiyo pole? Unajiita bure, unajiona huna uso wa kuingia kwenu bila mizigo, kisha hasira hiyo unamshushia mkeo kwa sababu ameuliza tu bei ya tiketi. Asiyejihurumia huwa mkali kwa walio karibu naye.

Tazama ile familia tunayoiweka pangoni kanisani. Sheria ya Musa ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwana-kondoo, lakini asiyeweza aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka, katika sura ya pili, anataja sadaka ile ya ndege tu. Yosefu na Maria waliingia Hekaluni Yerusalemu, mbele ya watu, na sadaka ya maskini. Luka hasemi popote kwamba Yosefu alizunguka kwanza akitafuta wa kumkopesha kondoo.

Basi kaeni jioni moja watoto wakishalala, kabla ya kununua tiketi. Andikeni kilicho mkononi, toeni karo na kodi ya nyumba ya Januari, mwone kinachobaki. Pengine kitatosha nauli na kilo mbili za sukari. Nendeni na kilo mbili. Pengine hakitatosha hata nauli, na hapo yafaa mkubaliane nyote wawili kubaki, asiwe mmoja ndiye aliyemzuia mwenzake asione wazazi.

Nawe mama, hukusahauliwa. Najua Krismasi ya kwa wakwe. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unakoka moto, unakanda chapati za ukoo mzima, moshi machoni, huku wanaume wamekaa chini ya mti wakingoja kuitwa. Misa umeikosa, au umefika wakati wa komunyo. Jioni mumeo anauliza mbona umenuna. Umechoka, na kuchoka si dhambi. Kaa chini ule chakula chako kingali moto. Mwombe shemeji wa kike ashike mwiko nawe uende Misa, halafu umpokee.

Bwana, chota maji. Safisha sufuria moja mbele ya ndugu zako. Watasema umekaliwa, nao waseme. Januari hawatakuwa nyumbani kwako. Marehemu Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante, na samahani. Katika nyumba nyingi asante ya chapati hupewa shangazi aliyezigawa.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi ya kuni mbichi. Ni lile swali mezani: “Mjukuu lini?” Wenzi waliongoja mtoto miaka sita huanza kuliogopa swali hilo tangu Novemba, na mara nyingi ni mke peke yake anayetazamwa. Hapo, bwana, usimwachie mkeo ajitetee. Sema wewe, kwa upole na mapema: “Mama, hilo tumemkabidhi Mungu, tusaidie kwa sala.” Na wewe shangazi unayesoma, tafadhali uliza habari za safari.

Kama mmeamua kutosafiri, mpigie mama simu wiki hii, kabla hajamtenga jogoo wa kuwachinjia. Usimwambie kwamba mtoto ana homa. Mwambie pesa hazikutosha mwaka huu, na kwamba mtakuja Pasaka Mungu akipenda. Amelea watoto katika miaka ya ukame na anajua maana ya kutotosha. Atanyamaza kidogo, halafu atauliza watoto watakula nini siku hiyo. Piga mwenyewe, usimwachie mkeo.