Tembo wa Modhera na mpagazi wa Unyanyembe

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Ipuli, Tabora, na babu yangu alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, kwa hiyo swali hili linanihusu: asiyeua, ila akanunua kilichouawa, amesalimika?

Huko Gujarat, India, pana hekalu la jua liitwalo Modhera, la enzi za Mfalme Bhima wa Kwanza, karibu mwaka 1026. Mbele yake kuna bwawa la mawe lenye ngazi pande zote, na vihekalu vidogo vimepangwa juu ya ngazi hizo. Chini ya kuta wamechongwa tembo, mmoja nyuma ya mwingine, kama ndio waliobeba jengo. Leo ibada haifanyiki pale. Lakini Ganesha, ambaye Wahindu humwomba kwanza kabla ya kuanza jambo, ana kichwa cha tembo, tena pembe yake moja imevunjika.

Gujarat hiyohiyo ilizitaka pembe zetu. Bibi harusi wa karne ya 19 alivishwa bangili za pembe, na pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopendwa. Wawindaji wa tembo wa Unyamwezi, walioitwa Wayege, waliwinda. Wapagazi wakatoka Kwihara, huko Unyanyembe, kwenda pwani na mzigo begani, pembe kubwa ya frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kengele ya ng'ombe ikining'inia nchani. Unguja forodha ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Wabhatia kutoka Kutch, tangu miaka ya 1830. Na Wabhatia hawali nyama.

Swali langu nilimuuliza Mhindu mmoja mwenye duka hapa Tabora mjini. Akamaliza kupima mchele wangu, akafunga mfuko, ndipo akasema: "Mwalimu, mkono ulioua ni wa mwindaji. Wazee wetu walinunua mfupa tu."

Hilo ni jibu la dukani, si la hekaluni. Sheria za Manu, kitabu chao wenyewe cha kale, katika habari za nyama zinamhesabu muuaji hata anayeruhusu, anayenunua, anayeuza na anayepika. Sioni kwa nini pembe ipewe msamaha ambao nyama imenyimwa. Nami nikikubali sheria hiyo siwezi kumficha babu, aliyelipwa kwa mapande ya kitambaa cha merikani na kutamba nayo kijijini. Kwangu mimi Myege, mpagazi, mwenye forodha na bibi harusi wote wana hatia, ila mwenye forodha, aliyekatazwa na dini yake mwenyewe, ana hatia kubwa zaidi.