Wimbi Sio Moyo
Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa mtu. Siku hizi kompyuta hupewa mawimbi hayo zikisie: huyu ana furaha, huyu ana huzuni. Je, tukiona wimbi tumemjua mtu?

Kuhani Eli aliona midomo ya Hana ikicheza, akasema amelewa. Dalili aliiona, uchungu hakuujua mpaka Hana aliposema. Nasi hapa Kericho na Bomet, kwenye foleni ya kupima majani chai, mtu hujibu "Chamgei" na moyo umepondeka. Mimi naona hivi: mashine yaweza kusema ana huzuni, lakini haiwezi kusema anamlilia nani. Basi ukishasalimia, usipite. Keti, uliza, unyamaze usikie.