Jina la Maskini Mkutanoni

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulipoanza mwaka 2012, kila kijiji kilichofikiwa kiliitisha mkutano, zikatajwa mbele ya watu kaya zilizo duni kupita nyingine. Twawaomba mtafakari jambo hilo kidogo. Mama mjane wa kata kama Rungwe Mpya, huko Kasulu, ambaye hajapata kumwomba mtu hata chumvi, ajisikiaje jina lake lisomwapo kwa sauti, na majirani wakaitikia kwamba naam, huyu ni fukara kweli?

Hatusemi utaratibu huo ulikuwa mbaya. Mkutano wa hadhara huwazuia viongozi wasiandike jamaa zao. Tena wenye nguvu walipewa kazi za muda, siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku katika awamu ya kwanza, wakachimba malambo na kutengeneza barabara. Yafaa tushukuru. Lakini haki ikitolewa kwa dharau, mpokeaji hurudi kwake ameshiba tumbo na kujeruhiwa moyo.

Na wako Wakristu waongezao dharau hiyo, wakijitetea kwa maneno ya Mtakatifu Paulo kwa Wathesalonike. Wayasome tena. Mtume aliwakaripia wasiotaka kazi. Hakuwagusa waitafutao wasiipate. Bwana wetu mwenyewe alisimulia habari za watu waliosimama hadi saa kumi na moja kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwasadiki, akawapeleka kazini, na jioni akawalipa dinari kamili, kwa maana njaa ya watoto wao haikuwa nusu.

Wala Waha wa nyanda hizo hawahitaji kufundishwa kazi. Enzi za Waingereza vijana wao wengi waliandikishwa kwenda mashamba ya mkonge huko Tanga, wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Huyo alikuwa na kazi, asiwe na jina. Mjukuu wake asiye na kazi asomwapo katika orodha, huenda naye akajiona namba tu. Basi heshima ya mtu haikai katika ajira peke yake.

Boazi alilifahamu hilo. Hakutosheka na kumruhusu Ruthu aokote masazo. Aliwaamuru wavunaji wamwachie masuke makusudi, tena wasimwaibishe wala kumkemea. Naye Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabu. Hapa twawakumbuka wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae ndani ya maeneo yaliyotengwa, wasitoke pasipo kibali. Mwaka 2017 hata mpango wa kuwapa fedha wajinunulie chakula wenyewe ulisimamishwa, wakarudia kungoja posho. Serikali ilikuwa na hofu zake juu ya usalama, nazo si za kupuuzwa. Lakini mtu mzima azuiwaye kwenda kutafuta kazi, kisha akaitwa mzigo kwa kuwa hana kazi, amedhulumiwa mara mbili.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kumsaidia asiye na kazi ni wajibu utokao katika haki ya kuishi. Kwa hiyo mjane yule, siku ya malipo, hakuja kuomba sadaka. Karani na amwite kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, na ampe mahali pa kukaa akingoja. Nanyi wazazi, mkisikia watoto wenu wakimcheka mwenzao kwa kumwita mtoto wa TASAF, wakanyeni siku ile ile, kabla ya sala za jioni.