Mmoja Kati ya Kumi

Wapo miongoni mwetu wanaofundisha katika vyuo vikuu, na wengi wetu tuna watoto wanaotamani kufika huko. Tunajua jinsi mtafiti anavyopimwa. Huulizwa amechapisha makala ngapi, na watafiti wengine wamezirejelea mara ngapi. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, alipendekeza namba moja ya kuunganisha mambo hayo mawili: ili mtu apate kumi, lazima awe na makala kumi ambazo kila moja imerejelewa angalau mara kumi. Leo namba kama hizo huweza kuamua nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti.

Je, Mkristo aitafute namba hiyo, au aidharau?

Tuwatazame wanakemia wawili. Mwaka 1951 Mmarekani Oliver Lowry na wenzake watatu walichapisha njia ya kupima protini maabarani. Makala hiyo imerejelewa zaidi ya mara 300,000, na kwa miaka mingi iliongoza makala zote za sayansi. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi yake kubwa. Ilitajwa kwa sababu ilifaa: aliyetaka kupima protini aliitumia, kisha akasema ameitoa wapi.

Wa pili ni Tu Youyou wa China, ambaye mwaka 1969 alikabidhiwa kikundi cha kutafuta dawa ya malaria. Kitabu cha tiba cha zaidi ya miaka 1,600 kilieleza kwamba mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulowekwe majini na kukamuliwa, hakikusema uchemshwe. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa, akaikamua kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza, kabla ya wagonjwa. Lakini makala ya mwaka 1977 iliyoeleza muundo wa dawa hiyo haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Iliandikwa jina la kikundi tu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84. Dawa mseto tunazopewa hospitalini kwa malaria zimetokana na kazi hiyo. Ni mama gani kati yetu, akimpa mtoto vidonge vile usiku, aliyewahi kulijua jina lake?

Kwa mfano huu tungeweza kuhitimisha haraka kwamba namba ni ubatili, na mtumishi mwema afanye kazi gizani. Tusifanye hivyo. Kumrejelea mtu ni kusema, "Maji haya nimeyachota katika kisima cha fulani." Ni haki na ni shukrani. Mtume Paulo alipomaliza kuwaandikia Warumi aliwataja wengi kwa majina: Fibi, Priska na Akila, na wengine waliotaabika pamoja naye. Hata Tertio aliyeshika kalamu alipata nafasi ya kusalimu. Anayeficha jina la mwenzake asiite jambo hilo unyenyekevu. Unyenyekevu ni wa mtu kujichagulia mwenyewe. Akichaguliwa na mwingine, huo ni unyang'anyi.

Basi tukumbuke wale wakoma kumi. Wote walitakaswa, akarudi mmoja, naye Msamaria. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, kwa maana deni la shukrani lilikuwa juu yao. Hata hivyo hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma. Uponyaji haukungoja asante, wala haukupungua kwa kukosa asante.

Hapo ndipo tunapoona jibu. Shukrani ni wajibu wa anayepokea, si mshahara wa kudaiwa na anayetoa. Namba ikiharibu mambo, ni pale mtoaji anapoanza kuihesabu yeye mwenyewe: mtafiti anayekata kazi moja vipande vitano ili zionekane makala tano, au marafiki wanaotajana bila sababu. Nasi tusiwacheke. Tunajua tulivyonuna siku jina letu liliporukwa katika orodha ya waliochangia ujenzi wa kanisa. Wakati huohuo, ni mara ngapi tumemshukuru mgeni rasmi kwa chakula cha sherehe, na akina mama waliokesha jikoni hawakutajwa?

Tujifunze kuuliza mawili. Kwa kazi yetu: imemfaa nani? Kwa kazi ya wengine: tumemtaja nani? La tatu, yaani nani ametutaja sisi, tumwachie Mungu, ambaye kwake hakuna jina linalorukwa.