Je, Mtu Abadili Breki za Gari Lake kwa Mkono Wake?

Siku hizi wengi miongoni mwetu wana motokaa, na swali hili husikika mara kwa mara: pedi za breki zikiisha kulika, je, ni halali mwenye gari kuzibadili mwenyewe, au yampasa kumwendea fundi? Wako wasemao ya kwamba hili ni neno la fedha tu, na kila mtu hutawala mali yake. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akijishonea kanzu vibaya, aibu ni yake peke yake. Lakini akitengeneza breki vibaya, huenda atakayelipa ni mtoto avukaye njia, ambaye hakuulizwa shauri, wala hakupata hata senti moja ya ile fedha iliyookolewa.

Walakini kazi yenyewe si ya kutisha. Pedi ni vipande viwili vibanavyo sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Mwendo hugeuka kuwa joto, na kila mara pedi hulika kidogo. Zikiwa mpya, unene wake ni kama milimita 10 au zaidi. Zikibaki 3 hivi, wakati umefika. Nyingi zina kibati kidogo ambacho hulia kikigusa sahani. Mwenye jeki, stendi imara, spana na kitabu cha gari lake aweza kujifunza kazi hii. Atabadili magurudumu yote mawili ya ekseli moja, asiache upande mmoja na pedi kuukuu. Ile kalipa ishikayo pedi hataiacha ining'inie kwa mpira wake. Wala hatapuliza vumbi, kwa maana pedi za zamani nyingi zilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu.

Hatari kubwa i mwishoni, wakati mtu amechoka na kuanza kujisifu. Ili pedi mpya ziingie, pistoni husukumwa nyuma. Kwa hiyo kanyagio likikanyagwa mara ya kwanza huzama lisishike kitu. Asiyelikanyaga mara kadhaa hata likawa gumu, kabla ya kuondoa gari, atatoka uani hana breki. Kumbuka, jambo hilo halitaki nguvu wala fedha.

Je, fundi? Wengine hudhani ya kuwa wakimlipa wamempa na lawama yao. Katika Torati mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuzungusha ukuta mdogo juu ya dari, mtu asianguke. Wala hakuulizwa kama alijenga mwenyewe au aliajiri waashi. Basi yeye ampelekeaye fundi naye na aulize, tena atake kuonyeshwa pedi zilizotolewa. Na kwa maoni yetu, mwenye hatia kuliko hao wote ni yule asiyegusa spana wala asiyemwita fundi, asikiaye kibati kikilia, akangoja mwisho wa mwezi, huku akichukua wanakwaya na kuteremka Kitonga au Sekenke. Mwendo ukiongezwa maradufu, nafasi ya kusimama huwa kama mara nne. Na katika mteremko mrefu breki zilizopata moto sana hupoteza nguvu ya kushika.

Yako mambo ambayo mwenye gari asiyafanyie majaribio. Akiona mafuta ya breki yanavuja, au mpira umepasuka, au sahani ina ufa, au kanyagio ni laini kama sifongo hata baada ya kukanyagwa mara nyingi, na aache, amwite ajuaye, hata kama watu wa nyumbani walikwisha kumwona amevaa nguo za kazi.

Akiisha kumaliza vema, safari ya kwanza ni yake peke yake, polepole, mahali tambarare pasipo watu, akisimama mara nyingi kwa upole, kwa kuwa pedi mpya hazishiki sawasawa mpaka zizoeane na sahani. Mkewe na watoto na wangoje barazani hata arudi.