Kosa la askari halifuti kosa letu

Tuchukue mfano. Mama ameteremka kutoka Vudee na kiroba cha tangawizi kichwani. Yuko Same mjini, anataka kuvuka barabara kuu iendayo Moshi. Zebra iko mbali kidogo, jua kali, kiroba kizito. Anakatisha katikati ya magari. Ng'ambo anapokewa na askari wa usalama barabarani, anakaripiwa mbele za watu, anaambiwa ninyi wa milimani hamjui barabara. Kisha sauti inashuka: "Mama, unaniachaje?" Mama anatoa elfu mbili, anaenda zake sokoni.

Nani kakosa? Barazani jibu ni jepesi: askari. Kamdhalilisha mtu mzima, kala rushwa. Ni kweli, na mzigo wake ni mkubwa kwa sababu yeye ndiye mwenye nguvu. Lakini tukishamlaani askari tunafunga mjadala, kana kwamba mama hakuvuka pasipostahili na wala hakutoa pesa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji na mpokeaji. Mtume (s.a.w.) naye aliwalaani wote wawili.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, cha Sayyidna Umar kuparamia ukuta wa nyumba ya mtu na kumkuta na pombe. Yule mtu akamjibu kuwa yeye ana kosa moja, lakini Khalifa ana matatu: kapeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakupiga hodi. Wapo wanaokitumia kisa hiki kusema kwamba mkamataji akikosea, mkamatwaji yuko huru. Sivyo. Yule mtu hakukana la kwake. Alihesabu yake, akahesabu ya Khalifa, na Umar akamsamehe kwa ahadi ya kubadilika.

Isitoshe, barabara si nyumba ya mtu. Anayekatisha ovyo anaweza kumfanya dereva apinduke na abiria wasio na habari. Watu wa Same hawahitaji kufundishwa thamani ya roho barabarani. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, mabasi mawili yaligongana na kuwaka moto, watu zaidi ya 35 wakafa. Ajali ile haikuwa ya mwenda kwa miguu, lakini barabara ni hiyo hiyo.

Kuhusu zile elfu mbili, wanazuoni wengi wamemruhusu mnyonge kutoa ili ajikinge na dhuluma, dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Je, mama alijikinge na dhuluma, au alinunua kosa lake? Naona yote mawili yamo, ndiyo maana simhukumu haraka. Angeweza kusema, "Nimekosa, niandikie," lakini mtu aliyetukanwa na kuzungukwa na macho ya watu hapati ujasiri huo kirahisi.

Macho yenyewe ni ya nani? Ni yetu sisi wa mjini, tunaojua haki zetu na kusoma magazeti. Tulisimama pale tukacheka. Hakuna aliyemwambia askari kwa adabu, "Afande, mwandikie au msamehe, usimtukane." Hakuna aliyembebea mama kiroba hadi kwenye zebra (ambayo pengine rangi yake imeshafutika). Askari naye angeweza kusimamisha magari dakika moja na kumvusha, kwani hiyo nayo ni kazi yake.

Jioni mama atarudi na kiroba kitupu kuwahi gari la Vudee, na atavuka palepale.