Jina la Mungu na Chama cha Siasa

Siku za uchaguzi zinapokaribia, vijiji vya Lualaba hupata wageni. Mgombea hushuka kwenye gari, hugawa fulana na kofia, huahidi barabara na maji. Mara nyingine hungoja nje ya kanisa mpaka Misa ya Jumapili iishe, kisha husema: «Mimi ni mwana wa Kanisa. Mkristo na amchague Mkristo mwenzake.» Wako wanaofurahi kuyasikia maneno hayo. Je, ni maneno mema? Na kama ni mema, mbona kisiwepo chama kizima cha watu wa dini moja? Yampasa mkatekumeni wa Musonoi alipime jambo hili kabla ya kubatizwa, kwa maana ubatizo haumwondolei mtu uraia wake, wala haumpi ruhusa ya kumsukuma jirani.

Mtu huiona haki waziwazi zaidi akisimama upande wa wachache. Katika Lualaba Wakristo ni wengi na Waislamu ni wachache. Basi swali hili na lipelekwe kwanza mahali ambapo mambo ni kinyume, yaani visiwa vya Unguja na Pemba, kule Zanzibar, kilikotoka Kiswahili kinachoandikwa vitabuni. Huko karibu watu wote ni Waislamu.

Sheria yasemaje?

Zanzibar iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, ikawa sehemu ya Tanzania. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa tena, Bunge lilitunga sheria ya vyama vya siasa. Sheria hiyo yakataa kuandikisha chama chenye shabaha ya kuendeleza mambo ya dini fulani, au kabila, au rangi, au sehemu moja tu ya nchi. Basi Waislamu wa Zanzibar, ingawa ni wengi kwao, hawawezi kuunda chama cha Kiislamu. Wala Wakristo wa Bara hawawezi kuunda chama cha Kikristo. Katika Kenya pia, mwaka 1992, serikali ilikataa kukiandikisha chama cha Kiislamu kilichoanzishwa Mombasa, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza chama kusimama juu ya dini.

Neno la wanaolipinga katazo

Hoja zao ni nzito, na si haki kuzidharau. Wasema: «Demokrasia ni utawala wa watu. Ikiwa watu karibu wote ni wa dini moja, na wataka kuongozwa na mafundisho yake, ni nani awazuie? Chama cha wafanyakazi chakubaliwa, chama cha wakulima chakubaliwa. Kwa nini chama cha wamchao Mungu kikataliwe?»

Tena waonyesha hatari ya kufunga mlango kwa nguvu. Nchini Algeria chama cha Kiislamu kiliongoza katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa Desemba 1991. Januari 1992 uchaguzi ulikatizwa kwa nguvu ya jeshi, na mwezi Machi chama kikapigwa marufuku. Vita vilivyofuata viliua watu zaidi ya 100,000. Maji yaliyozibiwa njia hutafuta ufa.

Hatimaye wasema kwamba katazo laweza kugeuzwa rungu. Zanzibar, chama cha CUF kiliandikishwa kwa kufuata sheria, kikiwa na wanachama Bara na Visiwani. Hata hivyo wapinzani wake walikiita mara nyingi chama cha dini, nacho kikakana. Mtawala anayeogopa kushindwa aweza kumbandika kila mshindani wake jina hilo. Sheria njema mkononi mwa mwoga huwa silaha.

Neno la wanaolitetea

Upande wa pili wajibu kwa kuyatazama mambo yaliyotukia Zanzibar yenyewe. Watu wa visiwa hivyo walikuwa na dini moja, lakini dini hiyo moja haikuwazuia wafuasi wa vyama kuchukiana. Juni 1961, siku za uchaguzi, ghasia ziliua watu 68. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimwaga damu nyingi zaidi. Tarehe 27 Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa wakati maandamano ya wapinzani yalipovunjwa. Katika miaka hiyo ya uhasama, hasa Pemba, wako waliokataa kununua dukani kwa mtu wa chama kingine, kuhudhuria mazishi yake, hata kuswali pamoja naye. Na hao wote walimwomba Mungu mmoja kwa sala moja! Chuki ilipungua pale viongozi walipopatana mwaka 2009, na wananchi walipopiga kura tarehe 31 Julai 2010 kukubali serikali ya pamoja.

Ikiwa vyama visivyo na jina la dini viliweza kuingia msikitini na kuwatenga waumini, chama chenye jina la dini kingefanya nini? Chama hutafuta kushinda, na anayeshinda humshinda mwingine. Hubishania kodi, bei ya mahindi, mishahara ya walimu. Katika mambo hayo mtu mwema aweza kukosea, na mtu mbaya aweza kusema kweli. Lakini chama kikijivika jina la Mungu, anayeipinga kodi yake huonekana kama ampinga Mungu mwenyewe. Na viongozi wake wakiiba, aibu huiangukia dini. Amri ya pili yakataza kulitaja bure jina la Mungu. Na kulitumia kama chambo cha kura ni kulitaja bure.

Kolwezi nayo yashuhudia

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya pwani peke yake. Mwaka 1992 na 1993, baada ya wanasiasa kuwaambia watu kwamba Katanga ni ya wenyeji tu, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa huku huku. Baba zao na babu zao walikuja kufanya kazi migodini. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi wakafa, watoto miongoni mwao. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa Wakristo kwa wingi, watu walioikaribia meza moja ya Bwana. Hapo mlango wa siasa ulikuwa kabila, haukuwa dini. Lakini ubaya wake ni ule ule: mtu hukataliwa kwa sababu ya watu wake, asiulizwe amesema nini wala ametenda nini.

Hukumu iliyo ya haki

Basi, pande zote mbili zikiisha kupimwa, yafaa kusema hivi: sheria yaweza kukataza chama kuifanya dini kuwa mlango wake. Hata pale ambapo waumini wa dini moja ni wengi, nchi ni ya raia wote, na yule mmoja asiye wa dini hiyo ni raia kamili. Lakini katazo hilo ni haki kwa masharti matatu.

La kwanza, kipimo kiwe kimoja. Nchini Kongo vimekuwapo vyama vilivyojiita vya Kikristo, kama PDSC kilichozaliwa mwaka 1990. Mkristo anayelishangilia katazo likiwa juu ya Waislamu wa Zanzibar, kisha akakasirika likigusa chama chenye jina la Kikristo kwao, haipendi haki. Aupenda upande wake.

La pili, chama kihukumiwe mbele ya hakimu, kwa katiba yake na matendo yake. Kanzu ya kiongozi si hatia, wala msalaba shingoni mwake si hatia. Tena sheria itangulie uchaguzi, isije baada ya mshindi kuonekana, kama ilivyokuwa Algeria.

La tatu, dhamiri iachwe huru. Mwislamu anayeipinga rushwa kwa sababu Mungu aichukia, na Mkristo anayemtetea mchimbaji maskini kwa sababu hiyo hiyo, hawavunji sheria yoyote wakiingia katika vyama vya raia wote. Senegal ni nchi ya Waislamu wengi, na Katiba yake yakataza chama kujitambulisha kwa dini. Huko Léopold Sédar Senghor, Mkatoliki, alikuwa rais tangu 1960 hata 1980. Waislamu hawakumwuliza kwanza anasali wapi.

Kanisa nalo limejiwekea mpaka. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini, na kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawakataza mapadri, kwa kawaida, kushika kazi katika vyama vya siasa. Bwana mwenyewe, watu walipotaka kumfanya mfalme, alijitenga akaenda mlimani peke yake.

Basi mgombea akisimama nje ya kanisa na kusema, «Mkristo na amchague Mkristo,» mkatekumeni na amsalimu kwa heshima, kisha amwulize: «Bwana, kile kisima ulichoahidi safari iliyopita kiko wapi? Na yule jirani Mwislamu, naye atachota humo?» Jibu lake litamwonyesha kama yafaa kumpa kura.

Maswali ya kujiuliza

1. Je, mtu aweza kuipenda dini yake kwa moyo wote, na bado akakataa iwe mlango wa chama?

2. Ikiwa Wakristo wangekuwa wachache katika Lualaba, wangetaka sheria gani iwalinde? Je, Waislamu wa Lualaba wanaipata leo?

3. Ni jirani gani aliyewahi kusukumwa pembeni kijijini kwa sababu ya dini au kabila lake, na ni nani aliyesimama naye?